Trekta la Baba Mkwe

Nilipopunguzwa kazi kwenye karakana ya shirika la umma, nilitoka na cheti changu cha ufundi wa dizeli na kiburi chote nilichoingia nacho. Nilifungua kibanda Mkuyuni. Ukweni waliniita fundi mkubwa, nami sikuwakatalia.

Wakati huo mitumba ya kila aina ilikuwa inaingia, na baba mkwe wangu alipata trekta dogo la bustani, la petroli, na kitabu chake cha lugha ambayo hakuna aliyeijua. Alilima nalo mboga Mkolani. Aliyeliendesha alikuwa mfanyakazi wake, mwanamume wa rika langu, mwenye mke na watoto. Mzee mwenyewe alikuwa na goti bovu, hakuliendesha. Jioni tu, likiwa limezimwa, alisaidiwa kupanda akakaa kutazama nyanya zake. Kile kiti kilikuwa chake.

Mfanyakazi akaenda msibani kwao. Siku ya tatu mzee alitaka kulisogeza trekta kivulini, akazungusha ufunguo akiwa amesimama pembeni. Halikuwaka. Akaniita.

Nilifungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikamwambia mzee azungushe ufunguo. Injini ikazunguka, cheche hakuna. Nikabadilisha plagi, nikasafisha waya. Hakuna. Siku nzima nilifanya kazi nimesimama au nimechuchumaa, maana mkwe hakalii kiti cha baba mkwe wake, hata kama ni cha trekta. Jambo hilo sikuhitaji kukumbushwa.

Mfanyakazi aliporudi alikuta vyuma vimetandazwa juu ya gunia.

"Fundi, mimi nililiacha zima," alisema. "Nikipanda tu linawaka."

Nilicheka. "Mashine si ng'ombe, bwana, eti imjue mchungaji wake."

Akaomba apande nirudishie waya, ajaribu. Nilimkatalia, tena mbele ya mzee. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui tatizo liko wapi. Dizeli haina plagi, na cheche nilizijua kwa kuzisoma zaidi kuliko kwa mikono. Badala ya kusema sijui, nilisema koili, kile kifaa kinacholeta cheche, si yenyewe, kuna mtu ameitoa nzima akaweka mbovu. Sikumtaja. Hapakuwa na haja. Siku hiyohiyo alifukuzwa, akaondoka na ndala zake na jembe lake.

Nilitafuta koili madukani Mirongo, nikakosa. Jumapili nikarudi Mkolani na mke wangu, nikafunga ileile ya zamani. Yeye alikuwa na ungo wa karanga, akachoka kusimama, akapanda akakaa kwenye kiti cha baba yake huku akimenya. Nikamwambia azungushe ufunguo.

Cheche ikaruka, ya bluu, nene.

Akateremka kuokota karanga zilizomwagika. Nikazungusha mwenyewe, hakuna. Nikamwambia akae tena. Ikaruka. Niliinua kiti nikaona swichi ndogo na waya wake. Bila mtu kukaa, injini haipati moto. Wenzetu waliitengeneza hivyo ili dereva akianguka izime.

"Kwa hiyo yule hakuiba," mke wangu alisema.

"Nyamaza kwanza," nikamjibu. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo uso unanichoma.

Nikarudishia plagi, mke wangu akakaa akawasha. Mzee alitoka ndani akichechemea, akasikia injini inanguruma chini ya binti yake, akafurahi sana. "Kumbe kweli yule alikuwa ameliharibu, baba?"

"Ndiyo, baba," nilisema. Mke wangu aliinama akaendelea na karanga zake.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na yule mfanyakazi Mkuyuni, amejitwisha gunia la mkaa. Nilitamani anitukane. Alilitua, akanisalimu vizuri, akauliza trekta linaendeleaje.

"Linawaka," nikasema.

Uso wake ulifunguka. "Na koili ni ileile?"

"Ni ileile."

"Basi nisaidie, fundi. Mwambie mzee ni ileile. Kazi sitaki tena, ila ajue sikumwibia."

Nikamwambia nitamwambia leo hiihii. Alinishukuru kwa mikono miwili, nyeusi kwa mkaa.

Mzee aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila Jumapili nilikwenda kumsalimu, na kila Jumapili tuliongea habari za nyanya.