Dakika ya Maombi

Hadi leo, nikisimama mahakamani na maneno yakanikolea, hujikuta nasubiri kuvutwa mkono wa joho. Najua hakuna wa kuuvuta. Nimesimama peke yangu, bosi wangu yuko ofisini Nakasero anakunywa chai, na mtu ninayemsubiri aliondoka Kampala zamani.

Mimi ni mtu wa maneno. Nyumbani kwetu Kyebando walinitania kwamba siku niliyozaliwa nilitoka naongea. Kwa hiyo kitivo cha sheria kilipotafuta wawili wa kupeleka kwenye mashindano ya mahakama ya kuigiza, mimi nilichaguliwa kwa ajili ya mdomo, mwenzangu kwa ajili ya kichwa. Alikuwa Mkenya wa Kisumu, anaishi kwa dada yake aliyekuwa akiuza mitumba sokoni Kalerwe. Sote tulikuwa mwaka wa mwisho. Mashindano yakiisha, yeye angerudi kwao kusomea uwakili. Hilo nililijua tangu mwanzo, na haikuchukua muda nikaanza kulichukia.

Kesi tuliyopewa ilikuwa ya kubuni. Fundi cherehani mmoja ameishi nchi ya watu tangu ujana wake, amezaa humo, amezika humo, ila hana karatasi, na serikali inamwamuru aondoke. Ilibidi tuiandae kwa pande zote mbili, maana upande wa kila timu ulipigiwa kura asubuhi ya shindano. Tulisoma hukumu maktabani mpaka macho yakauma, kisha tukashuka Kalerwe, tukakaa juu ya marobota ya nguo za dada yake na kubishana. Yeye serikali, mimi fundi, halafu tunabadilishana. Alidai kwamba sauti ikisikika katikati ya wachuuzi wale, hakuna jaji atakayeitikisa. Tena alikuwa na sharti lake: hoja zilikuwa za Kiingereza, lakini ile uliyoshindwa kuieleza kwa Kiswahili ulikuwa umeikariri tu. Kwa sharti hilo aliniumbua mara nyingi, nami nikawa namkasirikia huku nikitamani siku isiishe.

Mama muuza nyanya wa kibanda cha pili alituonea huruma.

"Nyinyi kila siku munagombana tu," alisema. "Kama iko ndoa, muende kwa wazee wamalize."

"Si ndoa, mama, ni kesi," mwenzangu alimjibu.

"Haya. Hata yangu ilianza hivyo hivyo."

Mwenzangu alicheka mpaka akainama. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Tatizo langu kubwa lilikuwa mwisho wa hotuba. Wakili akishamaliza hoja, lazima aiambie mahakama anataka nini: amri ifutwe, mtu aachwe akae, alipwe gharama zake. Hayo ndiyo maombi. Mimi nilinogewa na hoja mpaka muda ukaisha. Mtunza muda aliniinulia kadi usoni nisiione, nikakaa chini sijaomba lolote.

"Wakili msomi," mwenzangu aliniambia, "umeongea poa sana, na hujapata kitu. Jaji hawezi kukupa kitu hujaomba. Hata akuhurumie aje."

Ndipo akanitafutia dawa. Ikibaki dakika moja, atanivuta mkono wa joho chinichini, majaji wasione. Nikivutwa, niache kila kitu, hata nikiwa katikati ya neno, niombe.

Tulirudia zoezi hilo sana, mara nyingine nyumbani kwetu, mlango ukiwa wazi na shangazi yangu akichambua mchele barazani. Siku moja, mwenzangu alipokwisha kwenda zake, shangazi akaniita.

"Huyu Mukenya wako, ni kusoma tu ama kuko kitu ingine?"

"Ni kusoma tu, anti."

"Nauliza kwa sababu sisi tuko Waislamu, yeye mutu ya kanisa. Kama kuko kitu, sema mapema, tujue ya kufanya."

Alikuwa ananifungulia mlango, mzee wa watu, nami nikaufunga. Nilimpenda yule kijana. Nilimpenda hata namna alivyolamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, tabia ambayo kwa mtu mwingine ingenitia kinyaa.

Siku ya shindano kura ilituangukia upande wa fundi. Nikasema, nikapamba, nikawaka. Nikiwa kwenye utamu wenyewe, mkono wa joho ukavutwa. Nikaacha neno njiani na kuomba: amri ifutwe, na mtu huyu aruhusiwe kubaki.

"Kuna la kuongeza, wakili?" jaji wa katikati akauliza.

"Hakuna, Mheshimiwa."

Tulishinda. Kikombe nadhani bado kiko kitivoni, juu ya kabati.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza kwenye basi, asubuhi. Niliongea. Niliongea kuhusu foleni ya mpakani Busia, kuhusu mwalimu wetu anayesinzia, kuhusu baridi ambayo haikuwepo. Yeye alisikiliza tu, mkoba begani. Utingo akaita abiria wa mwisho. Mwenzangu akanyoosha mkono, akashika ncha ya mkono wa gauni langu, akaivuta taratibu, vilevile kama kawaida yetu.

Nilielewa. Nikanyamaza katikati ya neno, kama alivyonifundisha. Akanitazama, akangoja.

"Kuna la kuongeza, wakili?" akauliza, polepole.

"Hakuna, Mheshimiwa," nikasema, na nikacheka.

Aliniachia mkono, akapanda.

Vijana wa ofisini kwetu wanashangaa kwamba nikipewa kesi naanza kuandika maombi, hoja baadaye. Wanadhani ni mbinu, na mimi nawaacha wadhani hivyo. Maombi ya asubuhi ile nayo ninayo, nimeyaandaa miaka yote hii, nikiwa bafuni, nikiwa kwenye boda, nikiwa nasubiri jaji aingie. Ni mafupi, hayamalizi hata dakika. Naomba ubaki.