Sare ya Kutazamia Jangwa

Sinema yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mwongozaji mmoja wa Ulaya aliyekwenda Marekani enzi zile vijana walipofuga nywele na kuwakimbia wazazi wao. Alirudi na filamu ambayo mpaka leo watu wanaigombania. Wako wanaoiita kazi ya mtu mwenye kipaji cha pekee, na wako wanaosema ni Mzungu mwenye kamera ghali asiyeijua Marekani wala vijana wake. Binti yangu yuko kundi la kwanza. Ndiye aliyechaguliwa kuitambulisha katika jumba dogo la sinema hapa Sydney, Jumapili mchana, kisha aongoze mazungumzo na watazamaji.

Alinipigia simu kunipa habari.

"Mum, what if nobody comes?"

"Watakuja," nilimjibu. "Wewe andaa maneno yako."

Ndivyo tunavyoongea siku zote, yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili, na hakuna anayepotea. Hakuniuliza kama baba yake atakuja. Tangu aache masomo ya ufamasia akahamia kwenye mambo ya filamu, mume wangu alikuwa hasemi naye. Hakumfukuza wala kumtukana, alinyamaza tu. Akitaka kujua kama mtoto ni mzima, anasubiri nikiwa naosha vyombo, halafu anauliza kwa mbali, "Yule hajambo?" Yule! Mtoto aliyemkimbilia nyuma ya baiskeli mtaa mzima hapa Merrylands mpaka akajua kuendesha, leo amekuwa yule. Iliniuma, na nilikuwa na hofu zaidi ya maumivu. Hasira hupoa. Niliogopa wasije wakazoea kuishi hivyo.

Basi nikafanya ninalolijua. Nilitangaza kwenye kikundi chetu cha akina mama kwamba mtoto wangu ana shughuli. Ukishawaambia wanawake wa kwetu "shughuli", umemaliza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sinema inahusu nini. Waliuliza sare ni kitenge gani. Jirani yangu, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, ambaye sasa anahudumia wazee, kazi ninayofanya na mimi, ndiye aliyekichagua: cha bluu, chenye ndege wa manjano wakubwa kama kuku.

"Dada, usiogope," aliniambia. "Ile chumba tutaijaza, ça va!"

Jumapili ile treni za upande wetu hazikutembea, reli inatengenezwa, kama kawaida yao mwisho wa juma. Ikabidi mume wangu atubebe kwenye basi dogo la kanisa, maana dereva wake ni yeye. Alishasema mapema kwamba atatushusha na kutusubiri garini. Lakini mvua ilinyesha, na mahali alipopata pa kuegesha palikuwa mbali na mlango. Alipokuja kutuletea mwavuli, jirani akamdaka.

"Shemeji, unataka kuloa ili iwe nini? Ingia, bwana."

Mume wangu anaweza kubishana na mimi mchana kutwa, lakini shemeji hamuwezi. Akaingia, akakaa kiti cha pembeni kabisa karibu na mlango, funguo mkononi.

Binti yangu alipotokea mbele akatuona, safu mbili nzima za ndege wa manjano katikati ya watu waliovaa kama wanakwenda msibani, aliuma mdomo ili asicheke. Kisha macho yake yakafika kwenye kiti cha pembeni. Akashusha macho kwenye karatasi yake, akasoma haraka haraka kwamba filamu hii haina pupa, na anawaomba watu waivumilie.

Taa zikazimwa. Binti mmoja anauza samani katika duka kubwa, kijana mmoja anazipeleka kwa wanunuzi kwa lori. Siku hiyo wanapita nyumba wanayopaswa kushusha mzigo, wanaendelea na safari. Redio inatangaza bidhaa njia nzima: sabuni, magari, meno meupe. Wanafika jangwani, mahali pa chumvi tupu, wanashusha sebule nzima na kuipanga vizuri, kapeti, meza, taa isiyo na umeme, televisheni inayoonyesha mawingu yanayojiakisi kwenye kioo chake. Wenzao wenye nywele ndefu wanakuja, wanakaa. Hawasemi kitu. Upepo unaanza, na mchanga unaifunika sebule polepole huku redio ya lori ikiendelea kuuza. Kamera haisogei.

Niliipenda kuliko nilivyotarajia. Waliosema yule Mzungu wa Ulaya hakuijua Marekani wamesema kweli, na hapo ndipo utamu ulipo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilipofika nchi hii nilisimama dukani mbele ya rafu ndefu ya vyakula vya paka, nikashindwa kusogea, watu wakawa wananipita na vitoroli vyao kushoto na kulia. Kamera yake ilisimama hivyo hivyo. Ilikazia macho vitu ambavyo mwenyeji angevipita, ikavitazama mpaka vikaanza kutia aibu. Wale vijana sikuwasamehe moja kwa moja, maana aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mimi najua watu ambao wangelilia lile kapeti. Lakini mtu aliyeweza kunifanya niwaonee huruma watoto wa matajiri alikuwa fundi, tusibishane.

"Regarde, ona!" jirani alininong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Kochi wamemwaga na nailoni yake!"

Akina mama wakacheka, kila mmoja akikumbuka kochi lake. Letu lilikaa na nailoni mpaka binti yangu akamaliza shule ya msingi. Kisha mchanga ukapanda juu ya ile nailoni, na kicheko kikaisha.

Wenyeji walianza kuondoka mapema. Mmoja, kisha wawili, kisha safu karibu nzima. Sisi hatukutikisika. Kwetu mtu haondoki kwenye shughuli ya watu kabla hajaagwa, hata pilau iwe mbichi. Ila kila mlango ulipofunguliwa mwanga ulimpiga mume wangu usoni, nami nikadhani anayefuata kutoka ni yeye. Huyu ni mtu anayetoka nje ya mahubiri yakirefuka. Isitoshe, kazi yake ni ghala la samani kule Villawood, juma zima anapakia makochi, na leo nimemleta kutazama makochi siku ya mapumziko. Nilimwona akikunja magoti kuwapisha wanaotoka. Anawapisha, ananyoosha miguu, anatazama mbele. Nikaacha kumwangalia kwa hofu ya kumtia nuksi.

Taa zilipowaka tulibaki sisi na watu wachache. Binti yangu alisimama mbele na kipaza sauti, akakaribisha maswali. Mzee mmoja mwenye skafu aliuliza jambo refu, akajibiwa vizuri, akaridhika. Mume wangu akasimama, akafunga vifungo vya koti. Nikashika mkoba wangu, nikijua tunaondoka, na kwamba nafasi ya hawa wawili kupatana imepita.

"Naomba nafasi ya utambulisho," alisema.

Watu wakageuka. Kwetu shughuli haifungwi bila familia kutambulishwa, na yeye alidhani ndicho kilichokuwa kinasubiriwa.

"Dad," binti yangu alisema, uso umemwiva, "this is just the Q and A."

"Ndiyo. Wewe tafsiri."

Akawageukia wale wenyeji wachache, kwake sasa wageni wetu, kwa sauti ile ile ya kutambulisha ukoo harusini. "Habari za mchana. Wale pale ni akina mama wa kwetu. Yule ni mke wangu." Tukasimama, jirani akapiga vigelegele, mzee wa skafu akapiga makofi. Binti yangu akatafsiri huku anacheka na kujifuta macho.

"Hii picha sikuielewa yote," mume wangu aliendelea. "Mimi napakia makochi. Sijawahi kumwona mtu akilitazama kochi muda wote huo. Nilitaka kutoka mapema. Nikabaki kwa sababu nilitaka kujua huyu mtoto ameona nini humu, hata akaacha kila kitu. Kidogo nimekiona. Kilichobaki atakuja kunieleza nyumbani."

Akatafsiri hilo pia, taratibu, neno kwa neno.

"Na huyu mwenye kipaza sauti, aliyetuita wote hapa, ni binti yangu."

Hapo binti yangu alishusha kipaza sauti mpaka kifuani, na wale wageni wakawa wanasubiri kuambiwa ni nini kimesemwa. Mume wangu naye akasubiri, amesimama wima, mikono imeshika kiti cha mbele.

"Waambie," alisema.

Akawaambia.