Mpokea simu aliyerudisha bahari sebuleni

Asubuhi. Chumba hakina dirisha. Kina meza ndefu, viti viwili vya kuzunguka, feni inayolalamika na ubao wa simu ambao vitaa vyake havijui kupumzika. Mwanamke aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi anabonyeza kitaa kimoja na kusogeza mdomo karibu na kipaza sauti.

"Hospitali, habari za asubuhi. Wodi ya wazazi? Subiri kidogo."

Anabonyeza kingine. "Hospitali, habari za asubuhi. Oo, pole sana, baba. Subiri kidogo nikuunganishe."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyompa jina. Kuanzia getini hadi chumba cha upasuaji anajulikana kama Bi Subiri. Mkurugenzi mpya alipofika, alidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake, akaliandika hivyo kwenye kadi ya pongezi.

"Sikumsahihisha," anasema, na kucheka kicheko kidogo, cha mtu asiyependa kusumbua wenzake. "Ilikuwa kadi nzuri."

Waliomfundisha kazi wote wamestaafu, naye zamu yake imekaribia. Hospitali ina mpango wa kuleta mashine itakayomwambia mpigaji abonyeze moja au mbili. Hana kinyongo nayo. Kinachomkaa moyoni ni kitu kingine.

"Kutwa nzima naongea na watu," anasema. "Wanaolia, wanaotukana, wanaouliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Lakini hakuna anayenipigia mimi. Wananipitia tu. Nikishamuunganisha mtu, sijui tena yule mgonjwa alipona au vipi."

Jioni hupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, anakoishi peke yake katika vyumba viwili. Huvua viatu mlangoni, huweka mkoba juu ya friji, kisha huketi mbele ya tangi la kioo lililochukua ukuta mmoja wa sebule. Ndani kuna maji ya chumvi, mawe yaliyopangwa kama pango, konokono watatu walionata kwenye kioo, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Pampu inanong'ona. Kwa siku nyingi, hiyo ndiyo sauti pekee inayompokea.

Hili si tangi lake la kwanza. Kioo ni kilekile, ila kila kilichokuwa ndani yake kilikufa.

Tangi lilianza wakati alipokuwa akiishi na mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Daktari wa meno aliyekuwa akifunga kliniki yake alitaka kuliuza haraka kuliko kulibeba, na Bi Subiri akalinunua kwa sababu mama mdogo alikuwa ameugua kiharusi na hakuna kilichomfurahisha tena. Redio aliikataa. Runinga ilimkera. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yamemtoka yote isipokuwa mawili matatu.

Katika tangi lile walipanda tumbawe laini lenye vidole vingi vidogo, ambavyo hufumba na kufumbua mchana kutwa, kana kwamba tumbawe linapumua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemletea mama mdogo mpira wa kukamua ili mkono usikauke. Mama mdogo aliutupa chini ya kitanda. Lakini akiwa ameketi mbele ya tangi, siku moja Bi Subiri alimkuta anautazama mkono wake wa kulia, halafu anatazama tumbawe, halafu anajaribu kufumba.

"Nilisimama kizingitini na mboga zangu mkononi, nikaogopa hata kukohoa," anakumbuka. "Vidole viwili vilisogea. Kidogo tu, lakini vilisogea."

Tangu siku hiyo ikawa kazi yao ya kila jioni. Tumbawe lilifumba, mama mdogo akafumba. Lilifumbua, akafumbua. Bi Subiri alikaa pembeni akimsimulia za kazini, nani kapiga simu kumtafuta mume aliyekuwa kajificha wodi isiyo yake, nani kaomba aunganishwe na chumba cha maiti akidhani ni duka la barafu. Mama mdogo hakuweza kujibu, ila alijua kucheka. Waliishi hivyo miaka kadhaa.

Mama mdogo alifariki usingizini. Watu wakajaa.

Bi Subiri anaeleza sehemu hii polepole, macho yakiwa kwenye maji. Ndugu walilala sebuleni, jikoni na kwenye korido. Viti viliazimwa kwa majirani wa kila ghorofa. Yeye alikaa chumbani kwenye mkeka, na kila aliyeingia alimshika mkono na kumwambia ajikaze. Hakuingia sebuleni kwa siku mbili, maana hakukuwa na pa kukanyaga.

Watu walipotawanyika, harufu ndiyo iliyomwita. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Samaki walikuwa wameelea, na lile tumbawe lilikuwa limeyeyuka na kuning'inia kama uzi wa kamasi. Alifuata waya wa pampu kwa mkono hadi ukutani. Plagi ilikuwa imechomolewa, na kwenye soketi yake kulikuwa na chaja ya simu ambayo mwenyewe aliisahau.

"Mtu alitaka kuchaji simu, basi," anasema. "Alikuja kunizikia mzazi wangu, simu ikamwishia chaji. Ningemlaumu kwa lipi?"

Je, aliwahi kujua ni nani?

"Sikuuliza. Chaja niliitupa palepale, nisije nikaitambua."

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumwambia. Mama mdogo alikuwa na siku chache kaburini. Ndugu wakipiga simu wanauliza unaendeleaje, yeye atajibuje? Kwamba analia kwa sababu ya samaki? Alifungua bomba la bafuni lipige kelele, akaondoa maji kwa ndoo, moja baada ya nyingine, akilia hadi pua ikaziba. Kisha akanawa uso, akarudi kazini, akasema habari za asubuhi, subiri kidogo.

Kwa miaka mitatu tangi likawa kabati la mablanketi.

Aliyelifufua, bila kukusudia, ni mdogo wake wa kiume, mtoto wa kuzaliwa wa mama mdogo, ambaye ana kiwanda kidogo cha mikate katika mji mwingine. Alipiga simu na kusema amepata wazo.

"Dada, kile kioo si unawekea nguo tu? Nipe mimi nipange mikate, wateja waione bila kuishikashika."

Alikubali. Alimwambia aje na gari Jumamosi. Ijumaa akatoa mablanketi, akachukua siki na kitambaa, akaanza kusugua alama nyeupe za chumvi ili mdogo wake akabidhiwe kitu kisafi. Alipofika kwenye kona ya nyuma, chini kabisa, kitambaa kikakwama. Palikuwa na ukoko wa zambarau, mgumu kama jiwe, ulioota wenyewe zamani wakati maji yalipokuwa na afya. Alichukua kisu. Akauweka ubapa wa kisu kwenye ule ukoko, akashindwa kuukwangua, akakirudisha kisu jikoni na kwenda kuchukua simu.

"Nimeghairi," alimwambia mdogo wake.

"Umeghairi vipi, na gari nimeshakodi?"

"Pakia kingine. Nataka kufuga tena."

Mdogo wake akauliza kwa sauti ya chini, "Peke yako, dada?"

"Na nani tena?"

Kuanza upya kulimtoa jasho. Tangi la maji ya chumvi halijazwi leo likatiwa samaki kesho. Unachanganya chumvi maalumu na maji yaliyochujwa, unapima, unaweka mawe, unawasha pampu, halafu unangoja vijidudu visivyoonekana vizaliane na kuyasafisha maji hadi yaweze kubeba uhai. Kwa wiki kadhaa, mtu anayeingia anaona mawe yaliyolowa na hakuna zaidi.

Mwenzake wa zamu, mwanamke mchangamfu aitwaye Kengele kwa sababu sauti yake haihitaji simu kufika wodini, alipita siku moja kumjulia hali. Alizunguka tangi mara mbili.

"Samaki wako wapi?"

"Bado."

"Sasa hapa umefuga nini, shoga yangu? Umefuga maji?"

Walicheka pamoja hadi Kengele akajifuta machozi. Alipoondoka, Bi Subiri alibaki na vikombe viwili mezani, akachelewa kuviosha.

Lakini maji yaligoma. Kila alipodondosha matone ya dawa ya kupimia sumu kwenye kichupa, rangi iligeuka kijani badala ya kubaki njano. Alibadilisha maji. Kijani. Akasubiri, akabadilisha tena. Kijani. Akaenda dukani kwa muuza samaki wa mapambo, mama mkavu wa maneno ambaye hauzi kitu bila kuhoji.

"Mawe yote ni mapya?" aliuliza yule mama.

"Moja ni la zamani."

"La tangi lililokufa?"

"Ndiyo."

"Litoe. Limefyonza uozo wote ule, na sasa linautapika. Hata uliloweke vipi, kwa maji haya halifai."

Lilikuwa jiwe ambalo tumbawe la mama mdogo liliotea. Alikuwa amelihifadhi kwenye mfuko, akalisugua, akalianika juani, na kulipanga katikati kabisa, mbele ya kiti. Hilo moja tu ndilo alilotaka kulirudisha, na hilo moja ndilo lililokuwa likivinyima uhai vingine vyote.

"Nilirudi nyumbani nikakaa bila kuvua koti," anasema. "Nikafikiri, kama siwezi kuliweka hili, nafanya yote haya kwa ajili ya nani? Lakini pampu ilikuwa inafanya kazi, na maji yalikuwa yanazunguka. Nikaona haya kuyaacha. Nikakunja mkono wa nguo, nikalitoa."

Lipo sasa kwenye kibaraza cha dirisha, karibu na sabuni ya kufulia. Baada ya hapo maji yalianza kutulia. Siku rangi ya kichupani ilipobaki njano, alikishika kichupa mbele ya taa akageuka nyuma kumwonyesha mtu. Nyuma palikuwa na kiti tu.

Sasa waya wa pampu umepigiliwa juu ya ukuta, umeunganishwa na betri inayoshika umeme ukikatika, na plagi ameifunika kwa kopo la plastiki. Konokono waliingia kwanza, kisha samaki wawili. Mwezi uliopita muuza samaki alimpa kipande kidogo cha tumbawe laini, aina ileile ya vidole. Kwa siku tano kilijikunyata kama ngumi. Siku ya sita, alipotoka kazini, kilikuwa kimefumbua.

"Nilijikuta nakifuata kwa mkono wangu," anasema. "Fumba, fumbua. Nikajionea huruma, halafu nikaendelea tu."

Upweke haujaondoka, na hadanganyi kwamba umeondoka. Jumapili ndizo ndefu zaidi. Siku nyingine huanza kusimulia za kazini kwa sauti, akafika katikati na kukumbuka kwamba wanaomsikiliza wana mapezi. Anamaliza hivyohivyo.

Mtihani unaomkabili sasa ni safari. Binti wa mdogo wake anaolewa, na mdogo wake amekataa visingizio. "Dada, mama hayupo. Usipokuja wewe, upande wa mama yangu kiti kitakaa kitupu," alimwambia. Bi Subiri hajatoka nje ya mji huu tangu msiba. Akienda, mtu mwingine itabidi aingie humu ndani, ajaze maji yanayokauka, alishe samaki, na atazame kama pampu inazunguka.

Amemchagua fundi saa wa ghorofa ya chini, aliyefiwa na mke zamani, na ambaye naye kwa miaka yote wamekuwa wakiishia kwenye shikamoo na marahaba ya ngazini. Alipogonga mlango wake kumwomba, fundi alishangaa, akavaa shati upya, na kupanda naye hapohapo.

Na ikitokea tena? Akirudi akute maji meupe?

Anageukia tangi. Kwenye kioo, konokono mmoja amesogea upana wa kidole.

"Nitaanza tena. Nitaumia, lakini nitaanza tena. Na safari hiyo nitalia mchana, milango wazi."

Kesho jioni fundi saa anakuja kwa mazoezi ya pili. Ya kwanza aliyapita vizuri, isipokuwa kwamba alilisha samaki akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyetumwa na mwenye haraka ya kuondoka.

"Nimemwambia asifanye hivyo," anasema Bi Subiri, huku akiburuta kiti cha pili kutoka jikoni na kukipanga mbele ya kioo, akikisogeza kidogo kushoto ili mwanga usimpige fundi machoni. "Nikiwa sipo, aje, avute kiti, akae. Na nikirudi pia, akitaka, aje tu."