Kichupa Changu cha Mkojo

Mama alikuwa na sheria moja: msichana wa heshima hanywi maji siku ya safari. Sababu hakuitoa, nami sikuthubutu kuuliza. Basi asubuhi moja, miaka ya sabini ilipokuwa inaanza, tulishuka kwa miguu kutoka Manga hadi hospitalini Kisii, koo limenikauka kabisa. Nilikuwa nimeitwa chuo cha ualimu. Bila karatasi ya daktari kusema mimi ni mzima, nafasi yangu angepewa mwingine, nami ningerudi kuchuma majani chai mpaka nizeeke.

Muuguzi akanipa kichupa. Nikajikamua chooni wee, yakatoka matone machache, meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

"Hii ndiyo nini?" akaniuliza. "Hebu nenda ukanywe maji."

Haya, si nimeambiwa ninywe? Nikalivamia bomba la uani, nikanywa mpaka nikawa nikitembea tumbo linasikika. Tukangoja kwenye benchi. Niliporudi kutoka chooni, kichupa kilikuwa kimejaa mkojo mweupe pe. Muuguzi akakiinua dirishani, akasonya.

"Unanifanya mjinga? Haya ni maji ya bomba! Ualimu gani huo wa kuanza na udanganyifu? Nenda nyumbani."

Ala! Damu ilinichemka. "Kama ni ya bomba, onja!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alishika lile neno "nyumbani" akaanza kulia. Daktari akatoka kuona kelele ni za nini. Alipoelezwa, akakishika kichupa kiganjani, akatabasamu.

"Sista, mbona kina joto? Bomba letu limeanza lini kutoa maji moto?"

Akatueleza kwamba figo ukizinyima maji, zinarudisha kila tone mwilini, mkojo unabaki kidogo na mkali. Ukizifurikisha, maji ya ziada zinayaachilia. Zangu, akasema, zinafanya kazi barabara. Akapiga muhuri.

Barabara kweli! Kupanda mlima kurudi kwetu, sikupita kichaka bila kukiingia. Mama alisimama njiani amenitandazia leso yake, akiwafokea wapita njia kwa Kigusii, sauti ikisikika mpaka ng'ambo ya bonde: "Geuzeni macho! Huyu ni mwalimu!"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. Nililia mle kichakani kwa furaha, nimechuchumaa.