Mahali Ambapo Mama Hakupachonga

Kila ninaponusa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, namwona mama kibarazani, ubao mapajani, kisu mkononi. Alichonga majirani zetu waliofiwa na waume zao vitani, wamejiinamia msibani. Kisha aliupaka ubao masizi hayo na kuugandamiza kwenye kitambaa: palipochongwa pakabaki peupe, pasipochongwa pakawa peusi.

Katikati ya wale wanawake palikuwa na doa jeusi tupu. Baba alikuwa vitani Burma, na habari zake zilikuwa zimekatika.

“Wifi, chonga msalaba hapo,” shangazi alimwambia. Alikwisha kunyolewa kwa matanga ya kaka yake, baba yangu. Mama alikataa kunyolewa. “Tumeshalia, yamekwisha,” shangazi alisisitiza.

“Nikishapachonga, hapazibiki tena,” mama alijibu.

Msimu wa kuchuma kahawa, mwanamume aliyekonda alipandisha njia ya kutoka ziwani. Shangazi alipiga yowe, akakimbia huku amejishika kipara. Baba aliketi, akautazama ubao kwa muda mrefu.

“Mbona mimi simo?”

“Umo,” mama alisema, akipapasa pale katikati. Akachukua kisu. “Geukia kwenye mwanga. Na usicheke, utaniharibia.”

Aliyeanza kucheka alikuwa mama mwenyewe.