Bomba la Mara Sita

Bwanali wa Newala alikuwa na ulimi wa upupu, na sisemi hivi kumsengenya. Mwenyewe alijua na akajivunia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa askari wa Bwana Nyama, yaani ofisa wa serikali wa wanyamapori, akipewa kazi ya kuua tembo wanaoingia mashambani, na katika miaka hiyo aligombana na makarani watatu, majumbe wawili, na kila aliyethubutu kumfundisha kushika bunduki. Mkewe Stamili, mama wa Alfani, alimwogopa akirudi kazini. Majirani walimwogopa akiwa likizo. Lakini shabaha yake ilisifiwa mpaka Tandahimba, na kwa hilo watu walimvumilia.

Aliyekataa kumvumilia ni Vitalis, mfuata nyayo wake. Hawa wawili hawakuiva chungu kimoja tangu siku ile nyati alipomjia Bwanali mbio na Vitalis akamwangusha kwa risasi moja. Unadhani alishukuriwa? Thubutu! Bwanali alikwenda bomani akaandikisha kwamba aliyepiga ni yeye, akavishwa koti jipya na kupewa mkono na wakubwa. Vitalis hakudai kitu. Ila tangu hapo akawa anamwangalia mwenzake kwa jicho la kuhesabu makosa.

Na makosa yalikuwapo sasa. Mwaka wa hamsini na nne macho ya Bwanali yalianza kumsaliti. Kile kinundu cha mbele cha bunduki, ambacho mpigaji hukiweka juu ya mnyama kabla ya kufyatua, kikawa ukungu mtupu. Mara mbili alimkosa tembo aliyesimama wazi. Alisingizia baruti imelowa, akasingizia upepo. Loh, upepo na tembo! Nyumbani hakumwambia hata Stamili. Bunduki ile ndiyo iliyokuwa jina lake; bila hiyo angekuwa mzee mwenye mdomo mchafu na shamba la mihogo, na nani angemvumilia tena?

Bwana Nyama hakuwa mjinga. Aliagiza darubini tatu za kufungwa juu ya bunduki, akazipanga mezani kwenye baraza ya boma la Newala, akawaita wote wawili. Moja ilikuwa fupi na nyembamba, ya kukuza mara mbili na nusu. Ya pili ya wastani, mara nne. Ya tatu ndefu na nene, mara sita. Alisema Bwanali achague, maana yeye ndiye atakayeibeba. Kisha akaongeza, bila kumtazama usoni, kwamba pamoja na kuchagua atoboe debe lililotundikwa hatua mia na hamsini. Akishindwa, bunduki itahamia kwa Vitalis na yeye ataenda kupumzika. Kupumzika! Bwanali alilipokea neno hilo kama tusi la mama.

Kila darubini Bwana Nyama aliifunga na kuirekebisha mwenyewe. Bwanali alianza na ile fupi. Debe likaonekana lina utando, risasi ikapita pembeni. Ya wastani ilimsaidia kidogo, risasi ikakwaruza ukingo. Hapo Vitalis alikohoa, na kukohoa kwake kulikuwa ni kucheka. Bwanali akashika ile ndefu, na wallahi, alitaka kulia. Kutu ya debe aliiona, waya uliolishikilia aliuona, na zile nyuzi mbili zilizopishana ndani ya kioo zilikuwa nyeusi, safi kabisa. Akafyatua. Bunduki ikampiga teke, ukingo wa darubini ukamchana juu ya nyusi, damu ikamchuruzika mpaka kidevuni. Debe lilitoboka katikati.

Ndipo Vitalis alipofungua kinywa, akimwelekea Bwana Nyama peke yake. Alieleza taratibu kwamba huku hakuna mbuga. Tembo wa Nanganga hujibanza vichakani, hupigwa kwa hatua kumi na tano, zikizidi sana ishirini. Kwa karibu hivyo bomba refu litamwonyesha mpigaji ngozi tupu, na kwa kuwa limefungwa juu ya shabaha ya chuma, kile kinundu cha bunduki, hata akitaka kuirudia haioni. Achukue ile fupi, au asichukue yoyote.

Yote yalikuwa kweli, na Bwanali aliyajua kabla Vitalis hajashika bunduki. Hicho ndicho kilichomchoma. Kuchukua fupi, ambayo debe lilimshinda kwayo, kulikuwa kurudi nyumbani, na kurudi nyumbani kwa neno la Vitalis ilikuwa bora afe. Akajifuta damu kwa kiganja.

"Wewe kazi yako ni kuangalia chini, kwenye mavi ya tembo," alimwambia. "Ya mbele niachie mimi."

Bwana Nyama, aliyezoea kuwinda kwenye mbuga za wazi, alicheka, akaandika: mara sita.

Wiki tatu hazikwisha, tembo dume akaingia kwenye mtama wa watu Nanganga. Walimfuata asubuhi, Vitalis mbele na Bwanali nyuma yake, kama ilivyo desturi ya mfuata nyayo na mpigaji. Ndani ya kichaka Vitalis akapiga goti, akaonyesha kwa kidole. Tembo alisimama hatua kumi na mbili.

Bwanali akaweka jicho kwenye bomba. Kijivu. Akalisogeza kushoto: kijivu na mikunjo. Kulia: kijivu. Hakujua kama anaangalia bega, tumbo au tako. Akainua kichwa atazame kwa macho matupu, akaona giza tu katikati ya majani. Vitalis akageuka kuona kinachomchelewesha, akauona mtutu unavyotangatanga, na wakatazamana. Hapo Vitalis akaelewa habari yote ya macho. Bwanali aliona kwamba ameeleweka, na kwa hasira ya kueleweka, akafyatua.

Risasi iliingia tumboni. Tembo alikuja na miti yake, akamzoa Vitalis aliyekuwa mbele, akambwaga juu ya kisiki, akapita zake kwenda kufia kando ya mto. Mkono wa kulia wa Vitalis ulivunjika mahali pawili. Bwanali alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na njia nzima hakumwambia pole.

Bwana Nyama alipokwenda kumwona mgonjwa Mkomaindo, hospitalini, alikuwa ameshaliona tundu la tumboni mwa tembo, na barua ya kumwachisha Bwanali kazi ilikuwa mfukoni. Alimuuliza Vitalis risasi ilifikaje kule. Bwanali alisimama mlangoni, akingoja kumalizwa.

Vitalis alisema kosa ni lake. Alikanyaga tawi kavu, tembo akageuka wakati risasi inatoka. Mzee alilenga sawasawa. Hakuna anayelijua bomba lile kama yeye, na bunduki aachiwe. Bwana Nyama akaichana barua, akatoka nje.

Bwanali alisogea kitandani machozi yakimlenga. Akaanza, kwa sauti ambayo Stamili mwenyewe hajapata kuisikia, habari za nyati yule na koti lile. Vitalis alimkatiza kwa adabu zote.

"Shikamoo, Baba Alfani."

"Marahaba, mwanangu."

"Daktari anasema mkono huu hautanyanyua tena bunduki kubwa. Basi ni yako mpaka ufe. Lakini nyayo hazifuatwi kwa mikono, nikipona narudi kazini. Tutaingia kichakani tena, mimi na wewe. Ila safari hiyo wewe utatangulia. Mimi nitakaa nyuma, nikutazame."

Bwanali alitoka nje. Bwana Nyama alikuwa anamngoja kwenye gari, bunduki mkononi, bomba refu juu yake. Akampa, akamshika mkono, akampongeza.