Unga Ndani ya Nta

Zamani Theodosia hakuijali nta. Asali ndiyo iliyokuwa mali. Masega yakishakamuliwa yalitupwa nyuma ya nyumba. Kisha vita vya Maji Maji vikapita, njaa ikafuata, na serikali ya Wajerumani ikaleta kampuni Songea na kuikingia kifua: nta yote iuzwe kwake tu, ipelekwe Kilwa, ivuke bahari. Jumbe ambaye watu wake hawakupeleka aliitwa bomani kujieleza. Ghafla nta ikawa bibi harusi, asali ikasahaulika.

Sasa, nyumbani kwao kulikuwa na desturi. Chungu cha kwanza cha asali kilitiwa konzi ya unga wa ulezi, fungu la babu aliyetundika mizinga ile. Theodosia alikuwa amebatizwa, lakini babu hakubatizwa, na haki yake ilikuwa palepale. Mwaka ule akawaza kwamba kama heshima imehamia kwenye nta, basi na babu ahamie huko. Mumewe, Makarius, alipotoka kidogo, akatia unga ndani ya nta ya moto. Ikaganda, ikawa donge zuri la manjano, na alfajiri Makarius akalibeba kwenda mjini.

Jua lilipopanda, jirani yao Ida alirudi kutoka bomani, uso umemshuka.

"Karani wa kampuni anapasua kila donge kwa shoka," alisema. "Jana mmoja alikutwa na mchanga. Kapigwa viboko mpaka kashindwa kusimama."

Makarius alikuwa na jeraha la vita kiunoni, halijapona sawasawa. Viboko vile vingemmaliza. Theodosia aliacha ugali ukiungua jikoni, akatoka mbio. Alimkuta Makarius kwenye kijiji cha Mshangano, ametua mzigo kando ya njia.

"Baba Rupert, hiyo nta ina unga."

"Unga gani?"

"Wa babu."

Makarius alimkazia macho. "Mama Rupert, ulitaka kuniua."

Wakaazima chungu kwa mpika pombe mmoja, wakaiyeyusha nta upya, wakaichuja kwa kitambaa cha kichwani cha Theodosia, wakangoja igande. Nta haina haraka na mtu. Makarius alinuna, akampa mgongo. Theodosia alilipepea donge kwa upindo wa kaniki, akiwaomba watakatifu wote aliowajua, na babu pia, asije akaudhika kwa kupokonywa chakula mdomoni.

Walifika bomani jua likielekea kuzama. Karani, Myao mmoja aliyeitwa Nassoro, akalipasua donge. Lilikuwa safi hadi ndani.

"Mmepata bahati kuchelewa," alisema akifunga ghala. "Wapagazi walipungua. Wote walioleta nta safi asubuhi wamebebeshwa mizigo wenyewe, wako njiani kwenda Kilwa."

"Watarudi lini?" Makarius aliuliza.

"Hilo kamwulizeni Mzungu."

Theodosia aliketi palepale chini. Aliwahurumia wale wa asubuhi, kweli kabisa, lakini furaha ilimjaa mpaka machozi yakamtoka, na hakuona haya. Makarius, aliyekuwa hajamsemesha tangu Mshangano, akamwinua, akamshika mkono mbele ya askari, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa yao.

"Twende, mama," alisema kwa sauti ya chini, "kabla hawajakumbuka mzigo mwingine."